Diski ya Saa 48: Filamu ya Kukodi Isiyorudishwa Dukani

Mnunuzi wa diski ya EZ-D mwaka 2003 katika mji wa Austin, jimbo la Texas, alikabidhiwa pakiti ambayo hewa yote ilikuwa imefyonzwa, plastiki ikiwa imeibana diski pande zote. Ndani mlikuwa na DVD ya filamu nzima, yenye wekundu upande wake wa kusomea, inayokubali kuchezwa katika deki yoyote ya kawaida bila mnunuzi kutaja jina lake wala kujaza fomu. Alipoichana pakiti, muda ulianza kukatika. Kwa saa 48 aliweza kuitazama filamu mara nyingi apendavyo, na hata kumpelekea jirani naye aitazame. Baada ya hapo wekundu uligeuka weusi, deki ikaizungusha diski bila kuona kitu, na shughuli ikaishia hapo. Hakukuwa na safari ya kurudi dukani, wala faini ya kuchelewesha.

Wengi waliosikia habari za diski hiyo waliikasirikia kabla ya kuielewa. Mimi naona inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndani ya unene wake wa milimita 1.2 kulikuwa na sheria ya hakimiliki, kemia ya rangi, na ugomvi wa miaka mingi kati ya wenye filamu na wenye maduka ya kukodisha. Na swali lililokuwa likigombaniwa lingali hai hadi leo: mtu akiilipia filamu kwa muda, ni nani anayeishika saa inayosema kwamba muda umekwisha?

Msomaji aliyekulia katika miji yetu miaka ya 1990 hahitaji kuelezwa kukodi ni nini. Mtaani kwetu Tanga kulikuwa na duka la kukodisha kanda za video, na mwenye duka, ambaye watoto wote tulimwita Mjomba, aliitikia shikamoo zetu huku kidole chake kikitembea juu ya daftari lenye kurasa zilizokunjamana: jina la aliyekodi, jina la kanda, siku iliyochukuliwa, siku ya kurudi. Aliyeleta kanda bila kuirudisha mwanzo alikemewa. Aliyechelewa alilipa kana kwamba amekodi upya. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za biashara hii, ndipo nilipotambua kwamba uhai wa duka lile ulikuwa katika daftari, kwa kuwa kanda iliyorudi kwa wakati ilizaa fedha mara kumi, ishirini, hata mia, ilhali kanda iliyokwama nyumbani kwa mtu ilikuwa hasara tupu.

Nchini Marekani daftari la namna hiyo lilisimama juu ya msingi wa kisheria ulio mkongwe. Mwaka 1908, katika kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitakiwa kuamua iwapo mchapishaji aliyeandika ndani ya kitabu chake kwamba kisiuzwe chini ya dola 1 angeweza kumzuia mwenye duka kukiuza kwa senti 89. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba mamlaka ya mwenye hakimiliki juu ya mauzo ya nakala fulani humalizika pale anapoiuza mara ya kwanza. Baada ya hapo mnunuzi ana hiari ya kuiuza tena, kuigawa au kuiazimisha. Kanuni hiyo iliingizwa katika sheria ya hakimiliki, na kanda za video zilipoenea, ndiyo iliyomruhusu mtu yeyote kununua kanda, kuiweka rafuni na kuikodisha kwa watu 200 bila kumlipa mwenye filamu hata senti moja zaidi. Wenye muziki waliwahi kujikinga: mwaka 1984 Bunge la Marekani lilizuia kukodisha rekodi za muziki bila idhini ya wenyewe, na mwaka 1990 programu za kompyuta nazo zikapewa kinga ya aina hiyo. Filamu hazikupewa.

Kampuni za filamu zilijibu kwa bei. Kanda ya filamu mpya iliuzwa kwa wakodishaji kwa bei ambayo mara nyingi ilifika dola 70 au zaidi, ili sehemu ya mapato ya kukodisha ilipwe mapema. Wakodishaji nao, kwa vile kanda ilikuwa ghali, walinunua chache, na mteja aliyefika Ijumaa jioni alikuta kasha tupu rafuni. Ili kanda hizo chache ziwatosheleze watu wengi, ilibidi kila mmoja abanwe arudishe haraka, na faini za kuchelewesha zikageuka kuwa nguzo ya biashara yenyewe. Blockbuster, iliyoanzia Dallas mwaka 1985 ikakua kuliko kampuni nyingine zote za kukodisha filamu, mwaka 2000 ilikusanya karibu dola milioni 800 za faini peke yake. Waliozilipa walikuwa watu walioipenda filamu kiasi cha kuikodi, lakini hawakupata nafasi ya kupita dukani siku iliyopangwa. Hasira yao ndiyo iliyotayarisha njia kwa diski isiyorudishwa.

Wazo la kukiwekea kikomo kitu chenyewe lilikuwapo hata kabla ya DVD. Mwaka 1972 mashine iitwayo Cartrivision iliuzwa Marekani pamoja na kanda za rangi mbili, nyeusi za kununua na nyekundu za kukodi. Kanda nyekundu ilitazamwa mara moja tu, kwa kuwa mashine ya nyumbani haikuweza kuirudisha mwanzo. Chombo cha kufanya hivyo kilikuwa dukani. Aliyesinzia katikati ya filamu hakuwa na njia ya kurudia sehemu iliyompita. Mashine hiyo haikudumu sokoni, lakini naitaja kwa sababu ndani yake kikomo cha matumizi kilikaa katika mwili wa kitu, badala ya kuandikwa kwenye mkataba ambao hakuna anayeusoma.

Jaribio kubwa la kwanza katika zama za DVD lilifuata njia nyingine. DIVX, iliyotangazwa Septemba 1997, ilikuwa mali ya Circuit City, kampuni yenye maduka ya vifaa vya umeme kote Marekani, kwa ubia na kampuni ya mawakili wa tasnia ya filamu. Majaribio yalianza Juni 1998 katika miji ya San Francisco na Richmond, na miezi michache baadaye mauzo yakaenea nchini kote. Diski iliuzwa kwa takriban dola 4.50. Haikuwa na dawa yoyote ndani yake; filamu ilikuwa imefungwa kwa msimbo ambao deki maalumu ya DIVX tu ndiyo iliyoweza kuufungua, na deki hiyo iliunganishwa na waya wa simu. Mteja alipoicheza diski kwa mara ya kwanza, saa 48 zilianza kuhesabiwa. Akitaka kuitazama tena baadaye alitozwa dola 3.25 kwa saa 48 nyingine, na kwa baadhi ya filamu aliweza kulipa zaidi ili diski ichezeke kwake bila kikomo. Deki yenyewe ilipiga simu kwa kompyuta za kampuni usiku watu wamelala, ikaeleza kilichotazamwa, na malipo yakakatwa kwenye kadi ya benki.

Saa, basi, ilikuwa mikononi mwa kampuni. Mteja aliimiliki plastiki milele, lakini ruhusa ya kuitazama ilikaa katika kompyuta asiyoijua ilipo, na diski aliyokwisha kuilipia haikuweza kuchezwa kwa rafiki yake mpaka rafiki huyo naye alipe. Wapenzi wa filamu waliipinga kwa nguvu. Baadhi ya kampuni kubwa za Hollywood zilikuwa zimechelewa kutoa filamu zao katika DVD ya kawaida huku zikiiunga mkono DIVX, na watu walihofu kwamba filamu nzuri zingefungiwa huko. Wauzaji wengine wa vifaa vya umeme nao hawakuona sababu ya kutembeza bidhaa ambayo kila ikiuzwa humtajirisha mshindani wao. Tarehe 16 Juni 1999 Circuit City ilitangaza kuifunga biashara hiyo, ikiwa na hasara ya dola milioni 114 baada ya kodi. Kompyuta za kutoa ruhusa ziliachwa zifanye kazi kwa miaka 2 hivi, kisha Julai 2001 zikazimwa. Diski zilizobaki majumbani hazikuwa na mkwaruzo wowote, na filamu zilikuwa zingali ndani yake. Aliyekuwa na ufunguo ndiye aliyekuwa ameondoka.

Flexplay Technologies ya New York, kampuni iliyobuni diski ya saa 48 tuliyoanza nayo, iligeuza mpango huo juu chini. Iliiondoa kompyuta ya kampuni, ikauondoa waya wa simu, ikaiondoa na ile deki maalumu, na saa ikaitia ndani ya diski. Namna ilivyofanya hivyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii yote, na naomba msomaji anivumilie nikiieleza polepole.

DVD si bamba moja. CD ni bamba moja la plastiki lenye unene wa milimita 1.2, lakini DVD ina mabamba mawili, kila moja la milimita 0.6, yaliyoshikanishwa kwa gundi. Ukiiinamisha DVD dirishani ukautazama ukingo wake kwa makini, utauona mstari mwembamba unaouzunguka katikati. Hapo ndipo gundi ilipo. Deki huisoma diski kwa mwali mwekundu wa leza, ambao wimbi lake lina urefu wa nanomita 650. Mwali huo hupita katika plastiki, hugonga utando wa metali wenye vishimo vidogo sana vilivyopangwa katika mstari unaojizungusha, na kurudi. Kati ya mzunguko mmoja wa mstari huo na unaofuata kuna nafasi ya mikromita 0.74 tu. Jicho la deki hupima mwanga unaorudi, uking'aa au ukififia, na kutokana na mabadiliko hayo hupata picha na sauti. Likikosa mwanga wa kutosha, halina njia nyingine ya kujua kilichoandikwa.

Katika diski ya Flexplay taarifa ziliwekwa upande wa pili wa gundi, ili mwali usiwe na budi kuipita gundi mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Gundi ikiwa angavu, diski haina tofauti na DVD nyingine yoyote. Gundi ikianza kuumeza mwanga mwekundu, kinachorudi hupungua mara mbili kwa kila safari, na mwishowe deki huwa kama mtu anayejaribu kusoma barua chumbani usiku wa manane.

Sasa, kitu gani huumeza mwanga mwekundu? Ni kitu ambacho macho yetu hukiona cha buluu. Kitambaa cha buluu huonekana hivyo kwa sababu kimeumeza wekundu uliomo katika mwanga wa jua na kuturudishia unaobaki. Miongoni mwa rangi za buluu ipo moja, methilini ya buluu, ambayo hula mwanga kwa wingi zaidi karibu na nanomita 660, pua na mdomo na leza ya DVD. Rangi hiyo ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1876 na Heinrich Caro wa kampuni ya BASF ya Ujerumani, na mwaka 1891 daktari Paul Ehrlich aliijaribu kwa wagonjwa wa malaria. Katika hospitali zetu ni rafiki wa siku nyingi: mtaalamu wa maabara anayepima makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu humalizia kioo chake kwa rangi hiyo, ili vijidudu vilivyoshika wekundu vionekane waziwazi juu ya uwanja wa buluu.

Lililowavutia wavumbuzi wa diski ni kwamba methilini ya buluu ina sura mbili. Ikiongezewa hidrojeni hupoteza rangi kabisa na kuwa angavu kama maji. Ikikutana na oksijeni hunyang'anywa hidrojeni ile na kuurudia ubuluu wake. Wanafunzi wa kemia huonyeshwa jambo hili katika chupa yenye sukari ya glukosi, magadi makali na matone machache ya rangi hiyo. Chupa ikitulia, maji huwa meupe. Ikitikiswa, hewa huingia na buluu huenea chupa nzima. Ikiachwa tena, huwa meupe. Diski ya saa 48 ni chupa ile, isipokuwa ndani yake hakuna sukari ya kuirudisha rangi ilikotoka, kwa hiyo ikishageuka imegeuka.

Gundi ya diski ilichanganywa na rangi katika sura yake angavu, na pakiti iliyofyonzwa hewa ikaizuia oksijeni isiifikie. Pakiti ilipofunguliwa, oksijeni ilianza kupenya. Plastiki ya polikabonati tunaiona kuwa ukuta, lakini kwa gesi ni kama chujio lenye matundu madogo sana. Molekuli za oksijeni hujipenyeza ndani yake taratibu, saa baada ya saa, mpaka zikaikuta gundi. Hapo ndipo ugumu wa ufundi ulipokuwa. Kama rangi ingegeuka kidogo kidogo tangu dakika ya kwanza, mteja angepata filamu inayokwama jioni ya siku ileile. Bahati ni kwamba deki ya DVD imeundwa kustahimili upungufu, kwani taarifa huandikwa pamoja na ziada ya kurekebishia makosa. Mwanga unaweza kupungua kwa kiasi kikubwa bila mtazamaji kuona dosari, kisha ukavuka mpaka ambapo marekebisho hayatoshi tena. Kazi ya wanakemia ilikuwa kuupima mwendo wa oksijeni katika plastiki na nguvu ya gundi kuihimili, ili mpaka huo uvukwe baada ya siku mbili, si baada ya saa tano wala wiki tatu. Plastiki hiyo waliitengeneza wakishirikiana na kitengo cha plastiki cha General Electric.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo mtu wa nje halioni mara moja. Kiwanda cha diski hufanya kazi katika hewa ya kawaida, na mabamba mawili yanaposhikanishwa yamezungukwa na oksijeni pande zote. Rangi iliyo tayari kugeuka ingegeukia hukohuko kiwandani. Suluhisho lilikuwa kuifunika molekuli: pale ambapo oksijeni ingeishambulia palipachikwa kipande kingine cha kemikali, mfano wa kofia, na kofia hiyo iliteremka yenyewe pole pole baada ya diski kukwisha kutiwa katika pakiti yake. Diski ilitoka mashineni ikiwa salama, na ilipofika rafuni ilikuwa imekwisha kuwa dhaifu. Wekundu uliouona mnunuzi ulikuwa wa plastiki yenyewe, iliyotiwa rangi isiyozuia leza nyekundu; gundi ilipokuwa buluu nyuma ya wekundu huo, jicho liliona weusi.

Ufundi huu ulifungamana na DVD peke yake. CD haina gundi katikati. Diski ya Blu-ray nayo huzihifadhi taarifa zake milimita 0.1 tu chini ya uso, na leza yake ya nanomita 405 hupita katika eneo la mwanga ambalo methilini ya buluu hailili sana.

Upande wa sheria palifanyika jambo la werevu zaidi. Kanuni ya mwaka 1908 haikuguswa hata kidogo. Mnunuzi wa diski hiyo alikuwa mmiliki kamili, mwenye haki ya kuiuza, kuiazimisha na hata kuikodisha. Ila baada ya saa 48 hapakuwa na kitu cha kukodisha. Mwenye filamu alipata sehemu yake katika kila pakiti iliyouzwa, jambo ambalo hakuwa nalo katika kanda iliyozunguka kwa watu 200. Na duka lolote, la vyakula, la dawa au la kituo cha mafuta, liliweza kuwa duka la kukodisha filamu bila daftari, bila kadi ya uanachama na bila mtu wa kupanga kanda zilizorudi. Kwa kampuni za filamu hii ilikuwa ndoto ya miaka ishirini, kwa hiyo si ajabu kwamba Disney, kupitia tawi lake la Buena Vista, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuijaribu kwa wingi, kwa jina la EZ-D, katika miji michache ya Marekani mwaka 2003.

Bei ya mwanzo ilikuwa takriban dola 7, na baadaye ikashushwa. Hapo mteja alipiga hesabu rahisi. Kukodi filamu ileile katika duka la jirani kulikuwa nafuu zaidi, na kuinunua moja kwa moja hakukuwa ghali sana, kwa kuwa tangu mwanzo kampuni kadhaa, Warner ikiwa mstari wa mbele, ziliamua kuziuza DVD kwa bei ambayo familia ya kawaida ingeimudu. Diski ya saa 48 ilikaa katikati, ikimtoza mtu karibu nusu ya bei ya kumiliki kwa ajili ya kutazama tu.

Kisha likaja suala la taka. Watetezi wa mazingira, wa Austin wakiwamo, waliuliza kwa nini kitu kinachoweza kuchezwa kwa miaka mingi kitengenezwe kwa makusudi ili kife keshokutwa. Wenye diski walijibu kwamba plastiki yake hurejelezeka, wakaandaa utaratibu wa kuzikusanya diski nyeusi. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini liliubomoa msingi wa bidhaa: mtu aliyenunua diski ili asirudi dukani sasa aliombwa aibebe diski iliyokufa aipeleke mahali fulani. Hoja yao ya pili ilikuwa na uzito zaidi kuliko wapinzani walivyokubali. Katika miji ya Marekani watu huenda dukani kwa gari, na safari nzima ya kurudisha kanda huunguza mafuta mengi kuliko uzito wa plastiki ya gramu chache. Kwa haki, mizani hiyo ilistahili kupimwa. Lakini DVD ya kukodi ilihudumia makumi ya watu kabla ya kuchakaa, na zaidi ya hayo moshi wa gari hutoweka mtu asiuone, ilhali diski nyeusi inabaki mezani ikimtazama. Naamini hilo la mwisho ndilo lililoamua.

Ikumbukwe pia kwamba ile kemia yote haikumzuia aliyedhamiria kunakili. Kufuli la msimbo la DVD lilikuwa limekwisha kuvunjwa tangu mwaka 1999, na saa 48 ni muda mrefu mno kwa kompyuta. Diski ilimfia mtu mwaminifu tu.

Flexplay ilinunuliwa mwaka 2004 na Convex Group ya Atlanta, na mwishoni mwa mwaka huo filamu ya Krismasi iitwayo Noel ilitolewa kwa diski hizo kwa dola 4.99 wakati huohuo ikiwa katika majumba ya sinema. Mwaka 2008 maduka ya Staples yakaanza kuziuza tena kwa bei hiyohiyo. Kufikia hapo tatizo lililozizaa lilikuwa limepatiwa dawa kwingine. Netflix, iliyoanza kutuma DVD kwa posta mwaka 1998, ilikuwa imegundua kwamba watu hawaichukii kazi ya kurudisha. Wanachokichukia ni tarehe. Iliwapa bahasha iliyolipiwa stempu na ruhusa ya kukaa na diski mpaka watakapochoka nayo. Redbox iliweka mashine za kujihudumia kwenye milango ya maduka, dola 1 kwa usiku, mahali ambapo mtu angepita kwa vyovyote akienda kununua maziwa. Blockbuster ilizifuta faini zake nyingi mwanzoni mwa 2005, ikiwa imechelewa, na mwaka 2010 ikaomba kinga ya kufilisika.

Kwetu safari ya kurudisha ilikufa kwa njia fupi zaidi. Mteja huenda dukani na flashi yake, akajaziwa filamu kumi kwa bei ya soda kadhaa, na hakuna anayeandika kitu katika daftari. Mjomba hana tena wa kumdai. Mwenye filamu naye hapati kitu, na jambo hilo lingali linawaumiza waigizaji na watayarishaji wetu.

Mwaka uleule wa 2008 Apple ilianza kukodisha filamu kupitia intaneti. Masharti yake yalikuwa siku 30 za kuanza kutazama na saa 24 za kumaliza. Baadaye saa hizo ziliongezwa zikawa 48, zile zile za DIVX na za EZ-D. Hakuna plastiki, hakuna gundi, hakuna taka ya kumsuta mtu mezani, na muda ukiisha faili hufungwa bila mtazamaji kuona lolote likibadilika rangi. Saa, hata hivyo, imerudi katika kompyuta ya kampuni, pale pale DIVX ilipokuwa imeiweka, na kompyuta hiyo hulijua jina la mtazamaji, kadi yake, na dakika aliyosimamisha filamu ili akafungue mlango. Diski ile nyekundu, pamoja na ubaya wake wote, ilinunuliwa kwa noti mkononi, na kabla ya kuwa nyeusi iliweza kuruka ua ikaenda kwa jirani.